Pete za saa ya jua na vidani vya saa ya nyota: vinaifaa anga yetu?

Mpima Kivuli, Dar es Salaam (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, habari za wakati huu. Mwezi wa Januari shangazi yangu anayeishi Ulaya aliniletea zawadi ya kidani, nacho ni pete nene ya shaba iliyotundikwa kwenye mkufu, yenye ukanda mwembamba unaozunguka kwa nje, na katika ukanda huo pana tundu dogo mfano wa tundu la sindano. Karatasi iliyofungwa nayo ilieleza kwamba hii ni saa ya jua. Mvaaji husogeza ukanda mpaka tundu lilingane na mwezi uliopo, huiacha pete ining'inie yenyewe, kisha huigeuza kuelekea jua, na mwali unaopenya tunduni huangukia upande wa ndani ambako mistari ya saa imechorwa. Niliijaribu kesho yake saa 3 asubuhi mbele ya familia nzima. Nukta ya mwanga iliupita mstari wa adhuhuri, ikaenda kutulia mahali ambapo hapakuwa na mstari wowote. Watu walicheka sana, nami nikaitia kabatini.

Miezi michache baadaye niliitoa nikaanza kuipima kwa rula na kipimapembe, na hapo nikaona kwamba aliyeichora alikuwa na latitudo ya digrii 50 kaskazini akilini mwake. Huko, jua la Januari halipandi hata digrii 25 juu ya upeo wa macho, ilhali kwetu saa 3 asubuhi limekwisha kuvuka digrii 35. Basi pete ilifanya kazi yake sawasawa, ila ilikuwa ikiisoma anga isiyoijua.

Jambo ninalotaka kulileta kwenu ni kwamba pete ya namna hii, ikichorwa upya kwa ajili yetu, itafanya kazi vizuri zaidi hapa kuliko kule ilikobuniwa. Sababu ni ya kihesabu, na waliosoma jiometri ya duara wataikumbuka: pembe ya katikati ya duara ni mara mbili ya pembe iliyo kwenye mzingo. Tundu likiwekwa nusu ya njia kati ya ubavu na utosi wa pete, jua linapopanda kutoka digrii 0 hadi 90 nukta ya mwanga hutembea nusu nzima ya mzingo wa ndani. Kwa pete yenye kipenyo cha ndani cha milimita 20, huo ni mwendo wa milimita 31 hivi. Sasa angalieni. Mwezi wa Desemba pale London jua la adhuhuri hufika digrii 15 tu, kwa hiyo asubuhi yote, tangu mawio hadi saa 6 mchana, hubanwa ndani ya milimita 5. Dar es Salaam, mwanzoni mwa Machi, jua hupanda karibu digrii 15 kila saa, kwa hatua zinazolingana, mpaka utosini. Maana yake ni kwamba saa moja peke yake hupewa milimita 5 zake. Nafasi ambayo mtu wa London huigawanya kwa asubuhi nzima ya kipupwe, sisi tunaitumia kwa saa moja.

Lipo na jambo la pili, la hesabu ya saa zenyewe. Katika karne ya 16 na ya 17 mafundi wa Nuremberg walitengeneza saa za jua za mfukoni kwa pembe za ndovu, na nyingi zilikuwa na mistari ya aina kadhaa: ya saa zinazohesabiwa tangu usiku wa manane na adhuhuri, ya saa zinazohesabiwa tangu mawio, na ya zile zinazohesabiwa tangu machweo. Walilazimika kufanya hivyo kwa kuwa mawio yao huhama kwa saa nyingi kati ya kiangazi na kipupwe. Sisi tunaosema saa moja baada ya jua kuchomoza hatuhitaji mistari miwili, kwa sababu mawio ya Dar es Salaam hayaachani na saa 12 ya jua kwa zaidi ya robo saa hivi mwaka mzima. Mstari mmoja wenye namba 1 unatosha kwa hesabu zote mbili. Sijui kama kuna pambo lolote lililowahi kuuzwa likiwa na namba za saa za Kiswahili, lakini ningependa kulivaa.

Ninaomba maoni, hasa ya masonara.

Sonara wa Pwani

Ndugu Mpima Kivuli, ahsante kwa uzi huu. Nimefua fedha kwa zaidi ya miaka 20 na sijawahi kuletewa oda ya namna hii, ila naona inawezekana. Shida yangu ni moja. Kuchora mistari ndani ya pete ni kazi ya adha, kwa sababu kalamu ya kuchongea haipati nafasi, na mistari ikiwa imepinda kwa kufuata miezi basi adha inakuwa maradufu. Njia ya wepesi ni kuchora bamba likiwa bado limelala bapa, kulikunja, kisha kulichomea kwa lehemu ya fedha mahali ambapo hapana mstari. Lakini bamba likikunjwa, upande wa ndani hubana kidogo, kwa hiyo vipimo lazima vihesabiwe kwa kuzingatia unene wake.

Ndiyo maana napendekeza kidani bapa badala ya pete. Mwaka 1938, katika ua wa ndani wa kanisa kuu la Canterbury huko Uingereza, kilifukuliwa kidani cha namna hiyo cha karne ya 10: kibao kidogo cha fedha chenye kifuniko na mkufu wa dhahabu, na kisindano cha dhahabu kinachochomekwa katika tundu la mwezi husika. Kila upande una safu 3, kila safu ni ya miezi miwili ambayo jua lake linafanana, na kivuli cha kisindano hushuka juu ya safu hiyo. Kuna maandishi ya Kilatini yanayomtakia fundi wokovu na mwenye kidani amani. Nimekiona pichani tu, lakini kwa jicho la sonara ni kazi safi, na kuichonga ni rahisi kuliko pete kwa mbali.

Mpima Kivuli

Fundi, hapo kwenye miezi miwili miwili nimefurahi, kwa sababu hata pete yetu itahitaji mpango huo huo: Mei na Julai mahali pamoja, Aprili na Agosti, Machi na Septemba, na kuendelea, huku Juni na Desemba zikikaa kila moja kwenye ncha yake.

Lakini kibao chenyewe kitatuangusha, na ni kwa sababu ile ile inayoipendelea pete. Kivuli cha kisindano kilicholala hurefuka kadiri jua linavyopanda. Canterbury, hata katikati ya Juni, jua halizidi digrii 62 hivi, kwa hiyo kivuli hakifiki mara mbili ya urefu wa kisindano. Kwetu, kisindano cha milimita 10 kitatoa kivuli cha milimita 10 jua likiwa digrii 45, milimita 37 likiwa digrii 75, na likifika digrii 85 kivuli kitakuwa na zaidi ya sentimita 11. Mvaaji atahitaji kidani kinachofika tumboni. Pete haina tatizo hilo, kwa sababu jua likiwa utosini nukta huanguka tu chini ya tundu, wima.

Sonara wa Pwani

Nimekuelewa, na nimeusalimisha ubao wangu. Basi niambie ukubwa wa tundu, maana hapo ndipo fundi anapoweza kuharibu kila kitu.

Mpima Kivuli

Jua lenyewe lina upana wa nusu digrii angani, kwa hiyo hata tundu likiwa dogo namna gani nukta haitapungua milimita 0.2 kwa pete ya milimita 20. Tundu la nusu milimita litatoa nukta ya milimita 0.7 hivi, yaani digrii 2, ambazo ni dakika 8 za saa. Tundu la milimita moja litatoa nukta ya karibu robo saa. Jicho huweza kukisia katikati ya nukta, kwa hiyo kosa halisi ni dogo kuliko hapo, lakini mimi ningekaa kwenye nusu milimita. Likiwa dogo zaidi, mwanga hufifia na jasho la kifua hulijaza vumbi.

Abiria wa Mwendokasi

Samahanini, mimi ni msomaji tu na sina nia ya kuharibu mjadala. Nina simu mfukoni inayonipa saa hadi sekunde. Zaidi ya hayo, niliwahi kusimika mti uani kwa ajili ya somo la mtoto wangu, na kivuli kifupi kuliko vyote kilikuja karibu saa 6 na nusu. Kama jua lenyewe linachelewa, kidani kitakuwa na kazi gani?

Mpima Kivuli

Ndugu Abiria, swali lako ni la haki, na mti wako ulisema kweli. Saa ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye longitudo ya digrii 45 mashariki, ambayo iko mbali baharini kutoka kwetu. Dar es Salaam iko karibu digrii 39.3, na kila digrii moja ni dakika 4, kwa hiyo jua letu huchelewa kwa dakika 23 kwa wastani. Mombasa ni dakika 21, Nairobi 33, Mwanza 48. Kigoma, iliyo digrii 29.6, jua hufika katikati ya anga saa moja nzima baada ya saa ya ukutani kutangaza adhuhuri, na bado ndugu zetu wa Kigoma huingia kazini kwa saa ile ile ya Dar es Salaam. Kwa maoni yangu wamevumilia sana.

Juu ya hapo kuna mabadiliko ya msimu, yanayotokana na njia ya dunia kulizunguka jua, isiyo duara kamili, pamoja na mwinamo wa mhimili wake. Karibu na tarehe 11 Februari jua huwa nyuma kwa dakika 14 zaidi, na karibu na tarehe 3 Novemba huwa mbele kwa dakika 16. Kwa hiyo adhuhuri ya kweli ya Dar es Salaam hutembea kati ya saa 6 na dakika 7 na saa 6 na dakika 37. Jedwali dogo la marekebisho linaweza kuchongwa upande wa nje wa pete kama urembo, kila mwezi na dakika zake, na pete ikawa inakubaliana na simu yako. Kama ukinihoji kwa nini nihangaike, nitajibu kwamba simu hunipa saa ya digrii 45, na pete hunipa saa ya mahali niliposimama. Navipenda vyote viwili.

Mwana wa Maskati

Assalamu alaykum. Nimeufuata uzi huu kutoka Oman, na naona nusu ya kichwa chake bado haijaguswa. Mimi ninacho kidani cha saa ya nyota. Ni visahani viwili vya shaba, kimoja juu ya kingine, vyenye tundu katikati na mkono mrefu unaozunguka. Kisahani cha chini kina tarehe za mwaka mzima, cha juu kina meno ya saa, na jino la usiku wa manane ni refu kuliko mengine ili mtu aweze kuyahesabu kwa kidole gizani. Unaitazama Nyota ya Kaskazini kupitia tunduni, unazungusha mkono mpaka uguse zile nyota mbili za kundi la Dubu Mkubwa zinazoielekea, Dubhe na Merak, kisha unapapasa meno kutoka lile refu hadi kwenye mkono. Ramon Llull, mwanafalsafa wa kisiwa cha Majorca, alikwisha kueleza chombo cha aina hii katika karne ya 13, na mabaharia wa Ulaya walikitumia kwa karne nyingi baada yake.

Hapa Maskati Nyota ya Kaskazini husimama juu ya upeo kwa digrii 23 na nusu hivi, na kidani changu hunipa saa kwa kosa la robo saa, ambalo kwa usiku linatosha. Nilipokwenda Zanzibar kuwaona wazee nilikivaa ufukweni usiku kwa majivuno, na sikuiona nyota yenyewe. Binamu zangu hawajaacha kunikumbusha.

Mwalimu wa Jiografia

Ndugu wa Maskati, pole, lakini binamu zako wana haki. Zanzibar iko digrii 6 kusini ya ikweta, na Nyota ya Kaskazini iko chini ya upeo kwa kiasi hicho hicho. Hata Kampala, iliyo kaskazini ya ikweta kwa theluthi moja ya digrii, nyota hiyo hugusa ukungu wa ardhini tu. Manahodha wa Bahari ya Hindi walilijua jambo hili mapema, kwani kamali yao, kile kibao chenye uzi wa mafundo unaoshikwa kwa meno, ilipima kimo cha nyota hiyo ili kujua chombo kimefika kusini kiasi gani, na walipokaribia ikweta iliwabidi wategemee nyota nyingine.

Wapo watakaosema tuugeuze mkono kuelekea kundi la nyota la Msalaba wa Kusini. Nimelifikiria, na nina mashaka. Nyota mbili za mlingoti wa Msalaba hukaa karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, kwa hiyo Msalaba ukisimama wima tunajua saa mara moja: usiku wa manane mwishoni mwa Machi, saa 3 usiku katikati ya Mei, kwa hesabu ya kufuata jua la mahali, si ya saa ya ukutani. Hilo ni zuri. Lakini ncha ya kusini ya anga, ambayo ndiyo kitovu cha mzunguko, haina nyota angavu ya kutazamia tunduni, na kwetu iko digrii 6 au 7 tu juu ya minazi. Aidha, Msalaba huzama kwa sehemu ya mzunguko wake, na mwanzoni mwa Oktoba hauonekani usiku kabisa.

Pendekezo langu ni kuachana na nyota za ncha na kutumia zile za ikweta ya anga, yaani zinazopita juu ya ikweta ya dunia. Nyota tatu za mkanda wa Orioni huchomoza mashariki kamili, hupita karibu na utosi wetu, huzama magharibi kamili, na kimo chao huongezeka kwa takriban digrii 15 kila saa. Yaani mkanda huo, mwaka mzima, hutembea usiku kama vile jua la Machi linavyotembea mchana. Mistari ile ile ya pete ya Mpima Kivuli itasomeka! Tofauti ni mbili. Kwanza, nyota haitoi mwali wa kuangukia mahali, kwa hiyo pete inahitaji kipimio cha kuzunguka chenye matundu mawili ya kuchungulia, kama kile cha asitrolabu, chombo cha kale cha kupimia kimo cha nyota. Pili, nyota huwahi kwa dakika 4 kila siku, kwa hiyo inahitajika duara ya tarehe nje. Mkanda hufika juu kabisa usiku wa manane karibu na tarehe 15 Desemba, na tunahesabu kutoka hapo. Miezi ambayo Orioni imefichwa na jua, hasa Mei na Juni, tutachagua nyota nyingine ya ikweta.

Wazee wetu nao walizitazama nyota kwa ajili ya majira kuliko kwa ajili ya saa. Walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ningependa kuviona vile vinyota vya kilimia vimechorwa kwenye duara ya tarehe, penye mwezi vinapozama na mwezi vinapozuka.

Mwana wa Maskati

Mwalimu, nimekubali, na binamu zangu nitawapelekea maneno yako wenyewe wayasome. Naomba nyongeza moja kwenye pete ya mchana. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, alasiri huingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake pamoja na kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Je, mstari wa alasiri unaweza kuingia?

Mpima Kivuli

Unaweza, na nimeuhesabu jana usiku. Mwanzoni mwa Machi, jua likipita utosini, adhuhuri haina kivuli, kwa hiyo alasiri huingia jua likiwa digrii 45, saa 9 kamili ya jua, ambayo kwenye saa ya ukutani ni karibu saa 9 na dakika 35. Mwishoni mwa Juni kivuli cha adhuhuri ni zaidi ya nusu ya urefu wa kitu, kwa hiyo jua lazima lishuke hadi digrii 32 hivi, na saa ya ukutani husoma karibu saa 9 na dakika 46. Mstari utapinda kidogo katikati ya ile ya saa. Ningeuchora kwa nukta badala ya mstari kamili ili usichanganywe na mingine. Kwa ibada yenyewe bado nitasikiliza adhana, kwa kuwa pete ina kosa la dakika kadhaa nami sina ujasiri wa kuswali kabla ya wakati.

Sonara wa Pwani

Mimi nimekwisha kukata bamba la shaba la majaribio, kipenyo cha ndani milimita 30, kwa kuwa kidani kinaweza kubeba ukubwa huo bila kumchosha mvaaji. Nimechora safu za Februari na Oktoba pamoja na za Machi na Septemba kwanza. Nimempa Mpima Kivuli aijaribu.

Mpima Kivuli

Ripoti ya tarehe 10 Oktoba. Siku hii jua la Dar es Salaam hupita karibu utosini kabisa, na kwa hesabu adhuhuri ilipaswa kuingia saa 6 na dakika 10. Asubuhi, kati ya saa 2 na saa 4, pete ilisoma kwa kosa lisilozidi dakika 6 kila nilipoangalia. Upepo ulikuwa adui mkubwa kuliko hesabu, kwa sababu pete nyepesi huyumba na nukta hucheza; nilisimama nyuma ya ukuta wa choo ndipo ikatulia. Saa 6 na dakika 10 mti wangu haukuwa na kivuli cha kutaja, na nukta ilikuwa chini ya tundu, juu ya mstari wa sita.

Fundi, mambo mawili kabla hujagusa fedha. Ongeza uzito kidogo chini ya pete, labda kito, ili isiyumbe. Na safu ya Juni usiichore kwa macho, kwa kuwa mwezi huo kati ya saa 5 na saa 6 jua hupanda digrii 3 na nusu tu, ambazo kwenye pete hii hazifiki milimita 2. Nitakuletea namba zake Jumamosi, pamoja na kidole cha mke wangu, maana naye sasa anataka ya kuvaa mkononi.